Sauti za Waliohudhuria

Mpenzi mwanafunzi wa Kiswahili, leo niruhusu niache kando ngeli na nyakati za vitenzi, nikusimulie habari za kaseti mbili. Ya kwanza ilitoka mbali, katika mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Ya pili ilirekodiwa dirishani kwetu, mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Ile ya kwanza niliitunza kabla ya kujua thamani yake. Ya pili niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Ukifika mwisho utaona kwa nini mwalimu wa lugha anadai kuwa habari hizi zinahusu uraia.

Kaseti ya kwanza ilikuwa ya mjomba wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa dereva wa mhandisi wa maji kutoka Ireland. Vita vilipoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, wageni wengi waliondoka nchini, na mhandisi yule akamwachia mjomba sanduku la kadibodi lenye koti la mvua, vitabu viwili na kaseti kumi na kitu. Nyingi zilikuwa za dukani, zenye picha. Moja haikuwa na picha. Kwenye karatasi yake palikuwa na maneno machache ya wino: Rory, Ulster Hall, Belfast. Mwaka nao uliandikwa, lakini maji yaliwahi kuingia, wino ukatawanyika, tarakimu zikapotea.

Nilikua nikiisikia kaseti hiyo jioni za amri ya kutotoka nje. Mjomba alianika betri juani mchana ili zipate nguvu kidogo, na usiku alipunguza sauti mpaka ikabaki ya watu waliokaa karibu. Sikujua Kiingereza. Nilidhani Belfast ni jina la mpiga gita. Kilichonivutia hasa ni dakika nzima kabla ya muziki wenyewe kuanza: miguu ikikanyaga sakafu kwa pamoja, miluzi, mtu akikohoa karibu kabisa na kinasa sauti, mwingine akicheka. Halafu gita liliingia na makelele yote yakapanda juu mara moja. Nilikuwa mtoto niliyezoea kuwa watu wengi wakikusanyika usiku, kuna jambo baya. Hapa palikuwa na watu wengi, tena usiku, nao walikuwa na furaha.

Miaka mingi baadaye, nikisomea stashahada ya ualimu, nilipata nafasi ya kutumia intaneti na kutafuta maana ya maneno yale ya wino. Rory Gallagher alizaliwa tarehe 2 Machi 1948 katika mji mdogo wa Ballyshannon, akakulia Derry kwa muda, kisha Cork. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 15, alinunua kwa mkopo gita la umeme lililokwisha kutumika, kwa pauni 100, na gita hilo akalipiga karibu maisha yake yote mpaka rangi ikabanduka na mbao zikabaki wazi. Alianza kujulikana na bendi ya Taste, ambayo kwa muda ilikuwa na makazi yake Belfast. Baadaye aliongoza bendi iliyobeba jina lake: Gerry McAvoy kwenye besi, Lou Martin kwenye kinanda, Rod de'Ath kwenye ngoma. McAvoy na Martin wote wawili walizaliwa Belfast.

Wapenzi wa muziki wa roki husema kuwa Rory hakupewa heshima aliyostahili, nami nakubaliana nao. Sababu zake si siri. Hakupenda kutoa nyimbo mojamoja za kuuzia redioni, ambazo wakati huo ndizo zilizompa mtu umaarufu. Hakuvaa mavazi ya kung'aa. Alipanda jukwaani na shati la drafti kama fundi anayekwenda kazini. Zaidi ya hayo, ubora wake ulikuwa jukwaani kuliko studioni. Wimbo uleule aliupiga leo hivi na kesho vile, akiurefusha au kuukata kwa kadiri alivyowaona watu waliokuwa mbele yake. Kwa msanii wa namna hiyo, kila usiku ambao haukurekodiwa ni kitabu kilichochomwa moto. Ndiyo maana wapenzi wake huzithamini rekodi za maonyesho kuliko albamu za studio.

Sasa nakuomba uingie nami Belfast ya wakati ule. Ireland ya Kaskazini ilikuwa imegawanyika. Upande mmoja walikuwa wale waliotaka iendelee kuwa sehemu ya Uingereza, wengi wao Waprotestanti. Upande wa pili wale waliotaka iungane na Jamhuri ya Ireland, wengi wao Wakatoliki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwaka 1998, mgogoro huo uliua watu zaidi ya 3,500. Mwaka 1972 ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Mitaa jirani ilitenganishwa kwa kuta. Kuingia katikati ya mji kulimaanisha kupita malango ya ukaguzi, kupekuliwa mifuko na kupapaswa mwili. Wewe uliyekulia nchi zetu hizi huhitaji kuelezwa zaidi. Sisi tunaviita vizuizi vile bariyeri, nao waliviita kwa jina lao, lakini moyo unavyodunda unapokaribia kizuizi usichojua kinasimamiwa na nani ni ule ule.

Ulster Hall ni ukumbi wa katikati ya Belfast, uliofunguliwa mwaka 1862. Mwezi Machi 1971 bendi ya Led Zeppelin ilipiga hapo. Baada ya hapo mabomu yaliongezeka na bendi za nje zikaacha kwenda. Hakuna wa kuzilaumu, kwani nani anataka kufa kwa ajili ya onyesho? Rory Gallagher aliendelea kwenda. Alipiga Ulster Hall kwenye siku ya kwanza ya mwaka 1972, mji ukiwa umekaa muda mrefu bila onyesho kubwa la namna hiyo, na akarudi tena na tena katika miaka iliyofuata. Hatari haikuwa ya kufikirika. Usiku wa tarehe 31 Julai 1975, bendi ya Miami Showband ikiwa njiani kurudi Dublin baada ya kupiga muziki kaskazini, gari lake lilisimamishwa kwenye kizuizi cha uongo na wanamuziki watatu wakauawa.

Katika ziara yake ya mwanzoni mwa mwaka 1974, Rory alirekodiwa Belfast, Dublin na Cork, na mtengenezaji filamu Tony Palmer akaifuata ziara hiyo kwa kamera. Kutokana na kazi hiyo ikatoka albamu ya Irish Tour '74, ambayo wengi huiona kuwa bora kuliko zote alizotoa. Zingatia tarehe, kwa sababu somo letu la uraia limo humo. Tarehe 1 Januari 1974 Ireland ya Kaskazini ilipata serikali mpya ya kugawana madaraka kati ya pande mbili. Mwishoni mwa mwezi Mei mwaka huohuo serikali hiyo ilikuwa imekwisha kuanguka. Ilichukua miaka 24 mingine mpaka Mkataba wa Ijumaa Kuu ulipotiwa saini, tarehe 10 Aprili 1998. Wanasiasa walishindwa kukaa chumba kimoja kwa miezi mitano, ilhali vijana wa mitaa iliyotenganishwa kwa kuta waliingia ukumbi mmoja, wakasimama bega kwa bega kwa saa mbili, kisha wakarudi makwao kila mmoja kwa njia yake.

Sitaki nikudanganye kwamba muziki ulileta amani. Haukuleta. Waliotoka ukumbini usiku ule walirudi kwenye kuta zilezile, na wengine huenda walirudi kwenye chuki ileile. Hata hivyo rekodi ile inathibitisha jambo moja ambalo watu wenye silaha hupenda kulikanusha, yaani kwamba waliwahi kuwa pamoja. Mtu akikuambia kuwa watu wa pande hizi mbili hawajawahi kuchangamana na hawawezi, unaweza kumjibu: sikiliza.

Kiswahili kinatusaidia kulieleza hili kwa neno ambalo wanafunzi wangu hulitumia kila siku bila kulichungulia ndani. Watu wanaotazama onyesho huitwa hadhira. Neno hili limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo mahali. Mzizi huo huo umetupa kuhudhuria na mahudhurio, yale ninayoyaita darasani kila asubuhi. Umetupa pia hadharani, yaani mbele ya macho ya watu, na mhadhara. Kwa hiyo hadhira ni zaidi ya wasikilizaji. Ni watu waliohudhuria, waliokubali kuonekana kuwa walikuwapo. Pale ambapo kutoka nje usiku ni hatari, kuhudhuria ni tendo la raia.

Wapenzi wa muziki wa Rory wamelielewa hilo kwa njia yao. Zamani, baadhi yao waliingia ukumbini na kinasa sauti kidogo chini ya koti, wakarekodi, kisha wakapeana nakala kwa njia ya posta. Desturi kati ya waungwana wao ilikuwa moja: unabadilishana, huuzi. Kila nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine iliongeza mvumo, mpaka gita likasikika kana kwamba linapigwa nyuma ya mvua. Wenyewe walivumilia. Masikio yao yalizoea kusikia kilichokuwa ng'ambo ya mvumo.

Hapa nawe kama raia una swali la kujiuliza. Je, ni halali kumrekodi msanii bila idhini yake? Kazi ni yake, na walikuwapo walaghai waliouza kanda hizo na kujaza mifuko bila kumpa senti. Siwatetei hao. Lakini pia ni kweli kwamba kuna usiku ambao umebaki duniani kwa sababu tu mtu mmoja katika hadhira alikuwa na kinasa sauti. Njia nzuri kuliko zote ni ile iliyofuatwa baadaye na familia. Rory alifariki London tarehe 14 Juni 1995, akiwa na miaka 47, baada ya kupandikizwa ini. Ndugu yake Dónal, aliyekuwa meneja wake, alizihifadhi kanda, na mwaka 2014, albamu ile ilipotimiza miaka 40, ikatolewa upya pamoja na maonyesho ya Belfast, Dublin na Cork kwa urefu wake. Waliokuwa vijana mwaka 1974 walizisikia tena sauti za usiku wao wakiwa na mvi.

Niliposikia habari hiyo nilitafuta rekodi ya Belfast na kuilinganisha na kaseti ya mjomba. Nyimbo kadhaa zilikuwa zilezile. Makelele ya watu hayakuwa yaleyale. Yule aliyekohoa hayumo, wala aliyecheka. Basi kaseti yetu ni ya usiku mwingine, pengine wa mwaka mwingine, iliyorekodiwa na mtu aliyesimama katikati ya watu. Nyimbo zisingeweza kuniambia hayo. Walioniambia ni hadhira.

Nafika sasa kwenye kaseti ya pili, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Mwezi Julai 1993 mdogo wake mama aliolewa. Harusi ilifanyika uani kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako watu wa kila asili waliishi nyumba kwa nyumba na Kiswahili kikawa lugha ya wote. Mtu aliweka redio kaseti dirishani akabonyeza kitufe cha kurekodi. Ikanasa dakika 60 za harusi: vigelegele, hotuba, zawadi zikitajwa, watoto wakilia, majirani wakiitana. Miezi mitatu baadaye vita vilianza, na wengi waliokuwa uani siku ile hawakukaa pamoja tena. Kaseti ile mama aliivunja vile vijino viwili vya juu ili isirekodiwe tena, akaiweka kabatini.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 13 na nilitaka kurekodi nyimbo za redioni. Sikuwa na kaseti tupu. Nikaitoa ile ya kabatini, nikakunja vipande vya karatasi, nikaviziba vile vitundu kama kila mtoto wa wakati ule alivyojua kufanya, nikarekodi. Nyimbo nilizorekodi sizikumbuki hata moja. Mama alipogundua hakunipiga. Aliketi kitandani, akaomba tuisikilize ili ajue kimebaki nini. Zilibaki dakika kumi hivi, mwishoni mwa upande wa pili.

Mwaka 2013 alikuja kwetu msichana wa miaka 20. Alikuwa mtoto mchanga mwaka ule wa harusi. Baba yake, jirani yetu, aliuawa mwaka 1996, na mama yake akakimbilia naye Tanzania. Alikulia kambini Kigoma na akarudi nchini baada ya kambi yao kufungwa. Alikuwa akizunguka kwa majirani wa zamani akiulizia picha ya baba yake. Picha hatukuwa nayo. Mama akakumbuka kaseti.

Niliazima redio ya mjomba. Katika zile dakika kumi kuna mahali ambapo sauti ya mwanamume, nene kidogo, yenye kicheko ndani yake, inasema: «Jamani, mpisheni bibi harusi apite.» Mama akainua kidole. «Huyo,» alisema. Maneno matano. Msichana akaomba yarudiwe. Nilirudisha kanda nyuma mara nyingi, sikuhesabu, nikiogopa isije ikakatika. Mwishowe akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: «Na kabla ya hapo, kaka, alisema nini?»

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba kabla ya hapo palikuwa na karibu saa nzima, kwamba baba yake alitoa hotuba, kwa kuwa mama anaikumbuka, na kwamba niliifuta mimi. Aliniangalia kidogo. Kisha akaniomba nimtengenezee nakala ya kilichobaki. Nilifanya hivyo wiki ile ile, na hadi leo sidhani kama nimewahi kutoa kitu kidogo hivyo kilichopokewa kwa mikono miwili namna ile.

Ndiyo sababu, mpenzi msomaji, ninapowasikia watu wakiwacheka wazee wa Ulaya wanaobishana kuhusu kanda zenye mvumo za bendi iliyosahauliwa na wengi, mimi sicheki. Mwaka 2024 gita la Rory liliuzwa mnadani, na aliyelinunua akalitoa kwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Januari 2025 sanamu yake ilizinduliwa Belfast, karibu na Ulster Hall. Hayo ni mema. Lakini gita ni la mtu mmoja na sanamu ni ya mtu mmoja. Watu waliokanyaga sakafu kwa pamoja hawana sanamu. Wamo kwenye kanda tu.

Nchi yetu nayo ilitia saini mkataba wake huko Arusha, tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba unaweza kusomwa katika maktaba. Sauti ya uani kwenu haimo maktabani. Ikiwa ipo, ipo kwenye simu yako au kabatini kwa nyanya yako. Kwa hiyo nakuachia kazi ya nyumbani, na kazi hii sitaisahihisha. Mwendee mzee mmoja. Omba idhini kwanza, kwa sababu sauti ya mtu ni mali yake. Mrekodi akisimulia, akiimba au akiwataja majirani zake wa zamani. Mwanzoni kabisa taja kwa mdomo tarehe, mahali na majina ya waliopo, maana wino hutawanyika. Weka nakala mahali pawili. Usiiuze. Na watu wakipiga kelele nyuma, mtoto akalia, jirani akaingia na kupiga hodi, usizime wala usianze upya. Waache wasikike, ili ajaye ajue kuwa walihudhuria.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mwandishi anasema kuhudhuria kunaweza kuwa tendo la raia. Toa mfano kutoka mtaa au kijiji chako.
2. Je, haki ya msanii juu ya kazi yake na haki ya umma ya kutunza kumbukumbu zinaweza kwenda pamoja? Eleza.
3. Tunga sentensi tano ukitumia maneno haya: hadhira, mahudhurio, hadharani, mhadhara, hudhuria.